Daftari la Uwanja wa Ndege

Daftari lilikuwa la mtoto wa darasa la nne. Kurasa zake za mwanzo zilikuwa na hesabu za kugawanya, ambazo nilikuwa nimezisahihisha kwa wino mwekundu wiki moja kabla mji haujavunjika. Asubuhi ile ya Mei 2003, tulipokuwa tunatoka nyumbani mbio, nilinyoosha mkono nyuma ya mlango nikitafuta mfuko wa nguo za mtoto, nikashika mfuko wa shule. Kosa hilo nililigundua tukiwa tumeshafika uwanja wa ndege wa Bunia, mashariki mwa Kongo, mvua ikinyesha, mtoto akilia kwa baridi, na mimi nikitoa mfukoni daftari, kalamu mbili na kipande cha chaki.

Siku hiyo nilimlalamikia Mungu kwa sauti. Leo miaka ishirini na zaidi imepita, na daftari lile limo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu. Ninaandika habari zake sasa kwa sababu macho yameanza kuchoka, na kwa sababu wengi waliomo ndani yake wameshakufa.

Wanajeshi wa Uganda, walioushika mji wetu kwa miaka, walimaliza kuondoka tarehe 6 Mei. Vumbi la magari yao halijatulia, makundi mawili yenye bunduki yakaanza kugombea Bunia, kartie kwa kartie. Mapadri wawili wa parokia ya Nyakasanza waliuawa pamoja na watu waliokuwa wamejificha kwao. Askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa (MONUC), Wauruguay, walikuwa mia kadhaa tu. Kufikia tarehe 12, moja ya makundi hayo, UPC, lilikuwa limeushika mji. Watu walijazana sehemu mbili: kuzunguka makao ya MONUC, na kando ya njia ya ndege, tulikokuwa sisi. Maelfu wengine walishika barabara ya Komanda kwenda Beni kwa miguu. Wengine waliteremka Kasenyi kutafuta chombo cha kuvuka Ziwa Albert, na dada yangu alikuwa mmoja wao. Kabila letu silitaji. Aliyekuwa Bunia mwaka ule ataelewa kwa nini.

Shitingi, yaani maturubai ya plastiki, zilipofika, wagawaji walitaka majina ya wakubwa wa familia ili watoe jetoni. Orodha ya kwanza ililowa mvua ikapotea, ya pili ikagombewa. Wazee wa kambi wakaja kwangu kwa kuwa walisikia kuna mwalimu mwenye kalamu. Nikapiga mistari kwa kutumia ubao wa sanduku la biskuti kama rula: jina, kijiji, watu wangapi, waliokufa, mali iliyopotea. Nilikaa juu ya bidoni iliyogeuzwa, na watu wakapanga foleni tangu asubuhi hadi giza.

Wa 41 alikuwa mzee kutoka Kobu. Alikuwa amefukuzwa kwao Februari ile, akazunguka porini wiki nyingi kabla ya kuingia Bunia. Alinitajia nyumba mbili, mbuzi kumi na mmoja, kibuyu cha mbegu za maharage, na mwana mmoja wa kiume. Niliandika yote. Hakuondoka.

“Mwalimu, nyumba umeandika. Mbuzi umeandika. Mtoto wangu umeandika,” akasema. “Mimi mwenyewe niliyefukuzwa, umeniandika wapi?”

Nikamwambia kwa upole kwamba yeye yuko hai, na anayehesabiwa kwenye safu ile ni aliyepotea.

“Niko hai, ndiyo. Lakini mimi ni mtu wa Kobu. Hapa ni Kobu?”

Foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa nimechoka. Nilipiga mstari mwingine pembezoni mwa ukurasa ili aridhike aende zake, nikaandika juu yake: *Nani alikutoa kwenu*. Alijibu. Aliyemfuata akaulizwa hivyohivyo, na wa nyuma yake pia. Jioni nilipohesabu nikakuta hata waliomtangulia mzee kuandikwa wamerudi kudai safu ile ijazwe. Hakuna aliyenidai niongeze mbuzi.

Sikujua kwamba mzee yule alikuwa ameuliza swali ambalo mahakama za dunia zingechukua miaka 16 kulijibu.

Kuhusu lugha yetu yenyewe nimewaza sana tangu siku ile. Mpishi ni mtu ambaye kupika ni kazi yake. Mlinzi, kulinda. Basi mkimbizi ni nani? Neno linatuambia ni mtu mwenye kazi ya kukimbia, kana kwamba aliamka asubuhi akaichagua. Ndani ya neno hilo hakuna panga, hakuna moto juu ya nyasi za paa, hakuna kijana mwenye bunduki anayesema ukirudi hapa utakufa. Hata sisi wenyewe tulijieleza hivyo: “Tulikimbia.” Tulisema kwa aibu kidogo, kama mtu aliyeacha kazi yake nusu. Na kwa sababu tulikuwa hai, tuliona kulalamika ni kuwakosea heshima waliokufa.

Kisha kulikuwa na ziwa. Dada yangu alipofika upande wa Uganda alipelekwa Kyangwali, akaandikishwa, akapewa karatasi na kipande cha shamba. Alikuwa mkimbizi kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa 1951, kwa kuwa alivuka mpaka. Mimi niliyefukuzwa siku ileile, na watu walewale, sikuwa mkimbizi. Nilikuwa deplase, mtu aliyehamishwa ndani ya nchi yake. Mkataba wa kunilinda haukuwapo. Kulikuwa na Kanuni za Mwongozo za Umoja wa Mataifa za 1998, zilizoandaliwa chini ya Francis Deng wa Sudan, ambazo ni nzuri kuzisoma lakini haziifungi serikali yoyote kama mkataba unavyofunga. Afrika ilikuja kuandika mkataba wake wa watu kama mimi huko Kampala, Oktoba 2009, nao ukaanza kufanya kazi Desemba 2012. Mwaka 2003 mimi na dada yangu tulitenganishwa na maji, na sheria ikatutenganisha mara ya pili.

Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1484 tarehe 30 Mei, na Juni Wafaransa wakashuka na ndege zao karibu kabisa na mahema yetu. Mwezi huohuo mabalozi wa Baraza lenyewe walikuja Bunia. Wazee walitaka niwasomee daftari. Sikufika karibu nao. Nilikaa usiku kucha nikinakili majina kwenye karatasi nyingine, na nakala hiyo nikawapa vijana wa mjini waliokuwa wakikusanya ushuhuda wa haki za binadamu, kazi ambayo wakati ule ingeweza kumfanya mtu aokotwe mtoni. Ninachojua ni kwamba Julai 2004 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti maalumu juu ya Ituri, eneo letu: raia zaidi ya 8,000 waliuawa kati ya Januari 2002 na Desemba 2003, na zaidi ya 600,000 walilazimika kuhama makwao. Nilipozisikia namba hizo nilifungua daftari nikahesabu mistari yangu. Ilikuwa 212. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu namba ya pili, ya waliohamishwa, ilikuwa imeandikwa karibu na ya wafu.

Mwaka huo serikali ya Kinshasa ilipeleka mambo yetu La Haye nchini Uholanzi, kwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo huku wote tunaiita CPI, na Juni mwendesha mashtaka akafungua uchunguzi wake wa kwanza kabisa. Thomas Lubanga, mkuu wa UPC, alipelekwa huko Machi 2006. Watu walianza kunitafuta. Kambi ilikuwa imetawanyika, wengine wamepanga vyumba katika kartie za Lumumba na Saio, wengine wanalala kwa ndugu kumi katika chumba kimoja, lakini walikumbuka mwanamke mwenye daftari. Waliniuliza: mahakama hii inamsikiliza nani?

Jibu lilikuwa chungu. Shtaka dhidi ya Lubanga lilikuwa la watoto: kuwaandikisha na kuwatumia vitani walio chini ya miaka 15. Kosa hilo ni kubwa, nami niliwafundisha baadhi ya watoto hao kabla hawajachukuliwa. Lakini katika kesi ile aliyechomewa nyumba hakuwa na kiti, wala aliyefukuzwa kijijini. Nilikuwa nimejitolea kusaidia chama kidogo cha wahanga kujaza fomu, na kazi yangu ya kwanza ikawa kuwaeleza watu kwamba fomu haiwahusu. Mama mmoja kutoka Bogoro alinitazama akaniuliza kama La Haye wanajua kwamba mtoto hachukuliwi hewani, anachukuliwa barabarani, na yuko barabarani kwa sababu kijiji kimeungua. Sijasikia wakili akilieleza jambo hilo vizuri kuliko yeye.

Fomu zenyewe zilikuwa za kurasa 17, kwa Kifaransa. Swali la kitambulisho ndilo lililotutesa zaidi. Mtu aliyetoka mbio usiku habebi karatasi, na kadi ya ubatizo iliungua pamoja na parokia. Kilichotuokoa ni uandikishaji wa wapiga kura wa 2005: kwa wengi, kadi ya kura ilikuwa karatasi ya kwanza maishani yenye picha yao. Nilizunguka vijijini na fomu chini ya majani ya sombe ndani ya kikapu, kwa kuwa kujulikana kwamba unajaza fomu kulitosha kukuletea wageni usiku. Nilikwenda Bogoro na nilikwenda Kobu, vijiji vya pande mbili za vita ile. Kila upande uliniuliza kwa nini nakwenda upande wa pili. Niliwajibu kwamba safu ya pembeni katika daftari langu ina majibu ya namna moja pande zote mbili, majina tu ya waliotoa watu ndiyo yanabadilika. Wengine walinielewa. Wengine waliacha kunisalimia, na wawili kati yao hawajanisalimia mpaka leo.

Juni 2010 nchi wanachama wa Mkataba wa Roma, uliounda CPI, zilikutana Munyonyo, kando ya Kampala, kuipima kazi ya mahakama, na moja ya mada ilikuwa wahanga. Chama chetu kidogo kilipata nafasi katika kikao kimoja cha pembeni, nikachaguliwa niende. Nilipita Mahagi, nikalala njiani, nikageukia Kyangwali kumwona dada yangu. Miaka saba hatukuwa tumeonana. Alikuwa na mahindi mazuri na watoto wawili nisiowajua. Alinionyesha karatasi yake ya mkimbizi iliyofunikwa kwa plastiki, akaniuliza, “Yaya, wewe wamekupa ipi?”

Kikaoni nilisema kwa Kiswahili, kukiwa na mkalimani wa Kifaransa. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilianza na mzee wa mstari wa 41, bila jina lake. Nikasema: “Watu wetu walifukuzwa.” Nilisikia mkalimani akisema kwa Kifaransa kwamba watu wetu walikimbia. Nilidhani amepitiwa, nikaendelea. Nikasema tena “tulifukuzwa,” naye akasema tena kwamba tulikimbia. Mara ya tatu nikanyamaza. Kifaransa changu ni cha darasani, lakini nilifundishwa vizuri, na tofauti ya maneno hayo mawili naijua. Nikamgeukia, nikamwambia mbele ya wote, kwa heshima kwa kuwa alikuwa mtu mzima kunizidi: “Baba, samahani. Sikusema tulikimbia. Nimesema tulifukuzwa. Kuna mtu aliyetufukuza.”

Ukumbi ulikaa kimya. Mkalimani akanitazama, akavua vifaa vya masikioni, akaniambia kwa Kiswahili kwamba yeye mwenyewe alitoka kwao akiwa mtoto, na maisha yake yote amekuwa akisema alikimbia. Kisha akavivaa tena, akarudia sentensi yangu kwa Kifaransa sahihi. Nilipewa dakika saba. Nadhani tatu zilikwenda hapo. Sijazijutia. Baadaye wakili mmoja alinifuata nje akanieleza kwamba nililolisema lina jina ndani ya Mkataba wa Roma wenyewe: kuhamisha watu kwa nguvu ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kuamuru raia wahamishwe, bila kuwa ni kwa usalama wao au kwa ulazima wa kijeshi, ni uhalifu wa kivita. Tangu 1998 lilikuwa limeandikwa. Niliketi kwenye ngazi, ziwa likiwa mbele yangu, nikalia. Miaka saba nilidhani ile safu ya pembeni tumeibuni mimi na mzee wa Kobu.

Hukumu za kwanza za CPI hazikuigusa safu hiyo. Lubanga alipatikana na hatia Machi 2012, akafungwa miaka 14. Mathieu Ngudjolo, aliyeshtakiwa kama kamanda wa kundi lililopigana na UPC, aliachiwa Desemba mwaka huo. Germain Katanga, kamanda wa upande huohuo, alihukumiwa 2014 kwa shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, na fidia ilipoamuliwa Machi 2017, wahanga 297 walipewa kila mmoja dola 250 za ishara, pamoja na msaada wa pamoja wa makazi, masomo na matibabu ya nafsi. Mama wa Bogoro alikuwa mmoja wao. Alinunua mabati.

Bosco Ntaganda, kamanda wa jeshi la UPC, alijipeleka mwenyewe ubalozi wa Marekani mjini Kigali, Machi 2013. Mashtaka yake yalikuwa 18, na safari hii Kobu ilikuwamo, Bambu ilikuwamo, Lipri ilikuwamo. Shtaka la 12 lilikuwa kuhamisha watu kwa nguvu. La 13, kuamuru raia wahamishwe. Fomu ilikuwa imefupishwa kuwa ukurasa mmoja. Nilimpelekea mzee wa Kobu nyumbani, kwenye chumba alichopanga, na nilipomsomea shtaka la 12 aliniomba nilirudie, akakohoa, akasema, “Sasa wameniandika.” Wahanga zaidi ya 2,000 walikubaliwa kushiriki. Kulikuwa na pendekezo la majaji kesi ifunguliwe hapahapa Bunia, lakini uongozi wa mahakama ulilikataa Juni 2015. Ninaelewa hofu ya usalama. Hata hivyo ingefaa sana mzee yule aione meza ya hakimu kwa macho yake. Alifariki 2016, mjini, hajarudi Kobu.

Tarehe 8 Julai 2019 nilisikiliza hukumu ya Ntaganda redioni, kwenye duka la dawa la jirani, watu wamesimama hadi barabarani. Hatia kwa yote 18. Baadaye akapewa miaka 30. Walipotaja kuhamisha watu kwa nguvu hakuna aliyepiga kelele. Nadhani wengi walisubiri kusikia mauaji. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye jua.

Ipo na mahakama ya pili La Haye, ile ya nchi kwa nchi, ambayo watu wetu huichanganya na CPI. Huko Kongo iliishtaki Uganda tangu 1999. Desemba 2005 majaji walisema Uganda ilikuwa mkaliaji wa Ituri, na kati ya hoja zao ni kwamba jenerali wa Uganda ndiye aliyeunda mkoa wa Kibali-Ituri mwaka 1999 na kuuteulia gavana. Februari 2022 wakaamuru dola milioni 325 zilipwe, milioni 225 zikiwa za madhara kwa watu, na waliohamishwa wamo ndani ya hesabu hiyo. Fedha hizo zinalipwa kwa serikali. Mpaka zimfikie mwenye shitingi kuna njia ndefu, na mimi naamini kazi ya wanaotetea haki leo ni kuisimamia njia hiyo hatua kwa hatua, kwa orodha, kwa majina, kwa kelele zisizokoma.

Maana watu hawajaacha kufukuzwa. Tangu mwisho wa 2017 teritwari ya Djugu, ilipo Kobu, imewaka upya. Hapa Bunia kambi ya Kigonze imejaa watu ambao baadhi yao walizaliwa porini mwaka 2003 mama zao wakiwa njiani. Februari 2022 wauaji waliingia ndani ya kambi nyingine, Plaine Savo, wakaua watu zaidi ya sitini chini ya shitingi. Hao walikuwa wameshafukuzwa. Walifuatwa walikofukuziwa. Ninakwenda Kigonze siku za Jumamosi na daftari jipya, na safu ya kwanza baada ya jina ni ile iliyokuwa pembezoni.

Mwaka jana binti wa mzee wa Kobu alinijia nyumbani. Fidia ya kesi ya Ntaganda iliamriwa Machi 2021, dola milioni 30; Septemba 2022 majaji wa rufaa wakairudisha sehemu ya amri hiyo itengenezwe upya, ikatoka tena 2023. Katika muda wote huo watu wanazeeka. Binti alihitaji cha kuonyesha kwamba baba yake alikuwa mtu wa Kobu na aliondolewa huko. Alikuwa na miaka sita wakati ule. Nilivuta sanduku, nikafungua daftari baada ya hesabu za kugawanya, nikamwonyesha mstari wa 41.

Alisoma polepole kwa kidole. “Baba alikuwa na mbuzi kumi na mmoja?”

“Ndivyo alivyoniambia.”

Akapiga picha ukurasa kwa simu, akaitazama, akapiga tena kwa sababu mkono ulitetemeka. Kisha akavuta kiti karibu, akaniomba nimsomee na mstari wa 40 na wa 42, majirani zao wa Kobu, aone kama bado anawakumbuka.